Ahadi ya Mtu Asiyeahidi

Dukani kwa Mjomba,
Jumapili, saa nne asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta umekwisha kuvua viatu vya wodini, umeinua miguu juu ya kigoda, na goti lako la kushoto limeacha ukaidi. Huku sote tu wazima. Mjomba hajambo, mkewe hajambo, nami nina afya njema isipokuwa viganja, ambavyo nitavieleza zamu yavyo itakapofika. Nisalimie Baba, na umwambie gazeti alilonitumia nimelisoma lote, hata matangazo ya minada.

Barua yako ya miezi miwili iliyopita niliipata, nikaisoma mara tatu, na nakiri kwamba jibu nililokutumia halikuwa jibu. Uliniuliza mambo mawili. Kwanza, imekuwaje kaka yako akose ubunge kwa mara ya nne. Pili, na hapa ulipiga mstari kwa kalamu nyekundu, kama ni kweli kwamba aliwaahidi watu daraja na sasa sokoni anaitwa mwongo. Ukaongeza kwamba aliyekulea tangu mlipofiwa na wazazi hajawahi kukwambia neno lisilokuwa kweli, na kwamba nikueleze kilichotokea. Nami nikakujazia kurasa mbili za hali ya hewa. Leo nimekusudia kujibu yote, kwa utaratibu.

Kaka yako unamjua kuliko mimi, ila hujapata kumwona akigombea, kwa sababu watoto huko wodini kwenu huchagua kuzaliwa wiki za uchaguzi. Ofisi ya kampeni ni hili hili duka la ushonaji. Meza ya kukatia vitambaa ndiyo meza ya mikutano, na sare za shule huhamishiwa chumbani kwa mkewe, ambaye sote tunamwita Spika kwa kuwa hakuna mjadala wa nyumba hii unaofungwa bila yeye. Mjomba ni mhafidhina na haoni haya kulisema. Anataka soko la zamani lisibomolewe, majina ya mitaa yaachwe yalivyo, na kila jambo jipya lieleze kwanza lile la zamani lilikosa nini. Wapinzani walimbandika jina la Kama Zamani wakidhani wamemtukana. Yeye alilipenda, akalitarizi kwenye kofia mia mbili, na hadi leo wanaovaa kofia hizo ni wengi kuliko wanaokiri kwamba walimpigia kura.

Alipogombea mara ya kwanza alipata kura chache kuliko idadi ya wateja wake, akasema amejifunza kwamba mtu anaweza kuvaa suruali yako miaka kumi na bado akakunyima kura. Mara ya pili aliongeza kidogo. Mara ya tatu akaongeza sana. Kila aliposhindwa alivaa suti, akaenda kumpongeza mshindi kwa mkono, na safari ya tatu alirudi na koti la mshindi begani, maana aliona mkono mmoja umezidi mwingine, akasema hawezi kukubali bunge la watu wazima liapishe mtu mwenye mikono ya kukopa. Spika alimwambia huo sasa ni ukarimu uliopitiliza, na kwamba kilichobaki ni amshonee na mifuko. Mjomba akajibu kwamba mifuko ilikuwa sawa.

Sasa Mama, kilichokuwa kikimwongezea kura ni kile kile kinachompa wateja. Haahidi. Mafundi cherehani wote wa mtaa huu watakwambia njoo Ijumaa. Ijumaa watakwambia umeme ulikatika. Ijumaa ya pili utakuta kitambaa chako kimelala chini ya meza vilevile ulivyokileta. Mjomba hataji siku. Anapokea kitambaa, anasema atamtuma mtu, na kabla hujaanza kunung'unika mtu amebisha hodi. Jukwaani ilikuwa hivyo hivyo. Wakimwuliza atawafanyia nini, alijibu kwamba hajui bado kwa kuwa hajaingia humo ndani. Akiingia atatazama, kisha atarudi kusema alichokiona. Watu walicheka. Lakini mwaka hadi mwaka waliocheka walipungua, na waliobaki kimya walikuwa wanatafakari.

Hapo ndipo nilipofika mimi, na shahada yangu ya utawala wa umma, na faili lenye vigawanyo vya rangi tano. Mjomba alinipa ukatibu wa kampeni. Nilipanga mikutano, nikachora ramani ya mitaa, nikapunguza hotuba yake kutoka dakika saba hadi sita, jambo ambalo alisema limemwuma lakini limemkaa vizuri. Muuza nyanya wa lango la soko, mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno, alinieleza kwamba amempigia Mjomba kura mara zote tatu, na safari hii ameshawishi safu nzima ya mbogamboga. Mama, tulikuwa tunashinda. Nilihesabu kwa mbinu mbili tofauti na majibu yakafanana.

Siku tatu kabla ya kura kilitoka kipeperushi cha mwisho. Kilikuwa na picha ya Mjomba, jina lake, na chini yake sentensi moja: kwamba akichaguliwa, kabla ya mvua za mwaka huu kuanza, mtaro unaotenganisha soko na kliniki utajengewa kidaraja. Mtaro huo ni mpana kuliko hatua ya mtu na una kina cha kiuno. Wenye watoto mgongoni huzunguka hadi barabara kuu; wenye haraka huruka, na wengine hufika kliniki wakiwa na ugonjwa wa pili.

Kwenye mkutano wa mwisho muuza nyanya alisimama akiwa na kipeperushi mkononi. Alisema kwamba yeye alimchagua Fundi kwa sababu alikuwa mgombea pekee ambaye hajamdanganya. Kama naye ameanza, alisema, basi heri kura ampe mzoefu, kwa maana hata uongo una ufundi wake. Soko zima liliangua kicheko, na kicheko kile, Mama, nilikisikia kikihama upande. Mjomba aliomba apewe karatasi. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani, akaikunja na kuitia mfukoni pamoja na futi ya kupimia. Akasema kwamba kama jina lake liko juu, basi maneno ya chini ni yake. Tulishindwa kwa kura arobaini na mbili, watu ambao wangetosha kusimama ndani ya duka hili bila kukanyagana.

Nyumbani hakuuliza mtu yeyote nani aliandika. Alivaa suti, akaenda kumpongeza mshindi, akarudi kwenye cherehani. Lakini mtaani walianza kumsalimia kwa kumwuliza daraja limefika wapi. Alicheka nao, maana utani ni utani. Kisha Jumatatu moja akaja mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mteja wake wa miaka kumi na tisa, kuagiza sare, akamwomba Mjomba amwandikie tarehe ya kuzichukua na aweke sahihi. Alisema kwa upole kwamba siku hizi ni vizuri mambo yawe kwenye maandishi. Mjomba aliandika. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza nikikata nyuzi, nikamwona mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kutazama akishindwa kuandika tarakimu nne zikanyooka.

Mama, sentensi ile niliiandika mimi. Mjomba aliniagiza nipeleke kwa mpiga chapa picha na jina tu. Nikiwa kaunta, niliona kwamba kipeperushi kisicho na ahadi hakifanani na kipeperushi, nikaongeza mstari kwa mkono wangu. Niliona ni mstari mzuri. Niliamini akishinda atanishukuru, na nilikwisha kuanza kufikiria namna ya kukuandikia jinsi binti yako alivyompeleka kaka yako bungeni kwa sentensi moja.

Baada ya mwalimu mkuu kuondoka nilimwambia yote. Alimalizia kwanza mshono aliokuwa nao, akakata uzi, ndipo akaniuliza mvua huanza lini. Nikasema baada ya wiki saba. Akasema basi tuna wiki saba. Nilijitetea, Mama, nilimweleza kwamba kwa mujibu wa maandishi yenyewe sharti lilikuwa achaguliwe, na kwa kuwa hakuchaguliwa, ahadi imebatilika. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyowasikiliza wateja wanaodai wamenenepa kwa sababu ya kitambaa. Kisha akasema kwamba mwenye mtoto mgongoni hakusoma neno "nikichaguliwa", alisoma neno "kidaraja". Spika, aliyekuwa mlangoni na kapu la vifungo, akatangaza kwamba mjadala umefungwa.

Hivyo ndivyo shahada yangu ilivyopata kazi. Niliandika barua kumi na moja kwa ofisi ya baraza la mji kuomba kibali, na ya kumi na moja ikajibiwa, pengine ili nisiandike ya kumi na mbili. Mhandisi wao alikuja, akapima, akatuchorea. Mwashi mmoja mwenye kofia ya Kama Zamani alijitolea kusimamia, kwa sharti kwamba nisimpe maelekezo. Mawe yalitoka kwenye ukuta wa zamani uliobomoka nyuma ya kliniki, jambo lililomfurahisha Mjomba kuliko yote. Yeye alishona asubuhi na kubeba kokoto mchana. Mimi nilipewa beleshi na toroli. Siku ya kwanza mwashi alinitazama nikichanganya zege, akaniuliza kwa heshima kama huko chuo kikuu nilikosomea kulikuwa na mchanga. Viganja vyangu, Mama, sasa unazijua habari zavyo.

Muuza nyanya alikuja siku ya tatu, akasimama ukingoni mikono kiunoni, akaondoka bila neno. Siku ya nne alikuja tena, akasema nondo ile imepinda. Kweli ilikuwa imepinda. Siku ya tano alileta ndoo ya maji na wanawe wawili wakubwa, akawaambia watuonyeshe jinsi ya kusukuma toroli lisipinduke.

Kidaraja kilimalizika Jumatano iliyopita, na mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa. Muuza nyanya alikuwa wa kwanza kuvuka kwenye mvua, na mizani yake kichwani. Alipofika upande wa pili alimwambia Mjomba kwamba yeye bado hajamsamehe, ila viatu vyake vimemsamehe. Jana mwalimu mkuu alipita dukani na karatasi yake yenye sahihi, akaiweka mezani, akasema aliikuta mfukoni na hajui ni ya nini. Mjomba naye akasema hajui. Walizungumza habari za mpira kwa muda mrefu. Ukiniuliza kama atagombea mara ya tano, sijui, lakini Spika amemfuma akimwuliza mpiga chapa bei ya karatasi, na amekwisha kutoa amri kwamba mimi nisisogezwe karibu na duka lile.

Limebaki moja, Mama, na ndilo lililonifanya nikae na kalamu tangu alfajiri. Alhamisi alikuja msaidizi wa Mheshimiwa, yule aliyemshinda Mjomba. Alikipiga picha kidaraja, akauliza nani aliandika ile sentensi ya kipeperushi, kwa kuwa Mheshimiwa aliisoma wakati wa kampeni na akatamani ingekuwa yake. Anatafuta mwandishi wa hotuba. Nilimwambia ni mimi, akanipa kazi hiyo, nami nikakubali. Naanza kesho saa mbili, katika ofisi ya mtu aliyemshinda kaka yako kwa kosa langu mwenyewe. Najua utakavyokunja uso, nami nastahili.

Kabla ya kukubali nilimwendea Mjomba, tayari kusikia kwamba nimemsaliti mara mbili. Alinizungusha, akanipima mabega kwa macho, akasema niende. Alisema humo ndimo ahadi zinamotoka, na kwamba itawasaidia sana kuwa hata na mtu mmoja aliyewahi kuibebea sentensi yake zege.

Wasalimu wadogo zangu wote kwa umri wao, na majirani kwa milango yao. Mjomba anakusalimu, anasema ukipata likizo uje uvuke. Spika anakuombea goti.

Ni mimi binti yako mtiifu, kuanzia leo katika mambo yote, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa,

Kifungua mimba wako.