Vidole vya Mkata Mkonge

Jumatatu, 4 Machi 1957
Imla ya maandishi ya nukta, yale ya vipofu. Nimepata alama zote, kama wiki zilizopita. Wenzangu, walimu vijana, bado wanakosea. Nimewaonya juu ya uzembe. Baada ya miaka ishirini na miwili ya ualimu nasomea kufundisha vipofu, sikuja kucheza.

Alasiri nimekwenda Pongwe kwa baiskeli. Mwanaidi, binti wa miaka tisa aliyepofushwa na surua, sasa anajua herufi kumi nilizomfundisha. Baba yake amerudia sharti lake: darasa la vipofu lifunguliwe Tanga mwezi ujao, ama binti aende Mkwaja kwa bibi yake. Halifunguliwi bila mwalimu mwenye cheti. Wenzangu wote wana shule zao bara. Nimebaki mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Mkufunzi ametufunga vitambaa machoni. Tusome kwa vidole. Sikuhisi kitu. Wenzangu walisoma, polepole, lakini walisoma.

Muda wote huu nimezisoma nukta kwa macho. Hakuna aliyenikataza. Sikuona kosa.

Jumamosi, 9 Machi
Ujanani nilikata mkonge miaka sita ili nipate karo. Ncha za vidole zimekuwa gamba. Nimeziloweka katika maji ya moto, nikazisugua kwa mafuta ya nazi. Mke wangu ameuliza: "Unajisinga, bwana? Harusi lini?" Nimeendelea kusugua.

Jumatano, 13 Machi
Mtihani. Kitambaa. Neno moja, nalo kwa kubahatisha. Nimeanguka. Mkufunzi alinieleza kwa upole. Afadhali angenikaripia. Hakuna kurudia mwaka huu.

Alhamisi, 14 Machi
Pongwe. Nimemweleza baba yake Mwanaidi yote, bila kujitetea.

"Mwalimu, ningengoja. Lakini mama yake hayupo, nami nashinda shambani. Nani atamshika mkono?"



Mwanaidi aliomba karatasi yangu ya mtihani. Akapitisha vidole. Herufi alizozijua alizitaja moja moja, asizozijua aliziruka.

"Mbona rahisi, Mwalimu?"

Nimeona aibu. Sijui neno jingine.

Jumapili, 17 Machi
Mwanaidi alisafiri jana. Karatasi ameichukua. Herufi kumi anazo. Kumi na nne zimebaki, na Mkwaja hakuna wa kumpa.

Kesho narudi katika darasa langu la zamani. Kitambaa cha machoni, chuoni hawakukidai. Nimekifua, nimekianika; kikikauka nitakifunga tena.