Stoo Yenye Mapazia

S.L.P. 71,
Kombewa, Kisumu.
14 Septemba 2025.

Mpendwa Tom,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini u mzima, na kile kikohozi ulichokuwa nacho kimekwisha. Huko Winnipeg najua baridi inakaribia. Vaa soksi mbili bila kuona haya. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linanitangazia mvua kabla ya redio, lakini bado natembea hadi sokoni na kurudi. Mama yako amevuna mtama mzuri mwaka huu.

Swali lako nililipata. Unatimiza miaka arobaini mwezi wa Novemba, na umeniuliza mtu anayemaliza ujana anapaswa awe amejifunza nini. Nilifurahi. Mwalimu mstaafu akiulizwa swali huwa kama kuku aliyemwagiwa nafaka. Nikavaa miwani, nikaketi kuandika. Nimeanza upya mara nyingi, Tom, na kila mara naishia mahali ambapo mimi mwenyewe sielewi.

Chukua subira. Somo hilo nilimpa mdogo wako Obonyo. Wewe nilikufundisha kwamba mtu asiogope kwenda mbali. Yote mawili ni masomo mazuri, na kesho ningeyafundisha tena. Lakini nikiyaweka pamoja, wewe uliyekwenda ndiwe unayemzuia yeye aliyesubiri, na hakuna kati yenu aliyekosa lolote.

Desturi yetu unaijua, ila niruhusu niieleze kama darasani, maana ni katika kueleza ndipo ninapoona nilipopotelea. Mvulana akikua hujenga simba yake, nyumba ya ujana, ndani ya boma la baba. Akishaoa na kupata watoto, siku moja baba humtoa akaanzishe boma lake mwenyewe. Ndugu hutoka kwa zamu ya kuzaliwa. Mdogo hamruki mkubwa. Na asiye na mke haanzishi boma. Mkubwa ni wewe, na umeniandikia kwamba huoni kama utaoa. Basi Obonyo, mwenye miaka thelathini na sita, mke na watoto watatu, yungali katika simba aliyoijenga alipokuwa kidato cha tatu.

Mwezi wa Mei alifanya jambo ambalo sijui nilicheke au nililie. Kwenye kiwanja chake kando ya barabara alijenga nyumba ya vyumba vitatu, akatangaza kuwa ni stoo ya mitumba anayouza sokoni Kibuye. Stoo si boma, kwa hiyo hakuna aliyerukwa. Pengine angefaulu, kama mkewe Sheryl asingetundika mapazia. Baba yako akapita hapo, nami nikiwa naye.

"Obonyo, hii ni nini?"

"Stoo, Baba."

"Ya mitumba?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hiyo mitumba inaona haya ikichunguliwa?"

"Ni vumbi tunazuia, Baba," Sheryl akasema kutoka ndani.

"Na jiko lile? Mitumba inakula saa ngapi?"

Sheryl akaangua kicheko. Baba yako naye midomo ilimcheza kidogo, lakini akageuka akaenda zake bila kukanyaga kizingiti. Na mahali ambapo baba hajakanyaga, Obonyo hawezi kulala.

Tangu hapo kila Jumamosi Sheryl huenda kuifagia nyumba ile, akafungua madirisha ipate hewa, kisha akafunga na kurudi katika simba. Wiki iliyopita tulikwenda ufuoni Dunga kununua omena, dagaa wetu wa ziwani. Mama anayetuuzia akamtania, "Bibi arusi, utatoka simba lini? Hata mimi nimeshakuwa nyanya." Sheryl akamjibu, "Nitatoka siku utakayouza omena isiyo na mchanga." Watu wakacheka. Lakini tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Shangazi, Krismasi ikinikuta bado katika simba, nitachukua watoto niende kwetu Ugenya. Sina chuki na mtu. Nimechoka kufagia nyumba isiyokaliwa." Alisema polepole sana, ndiyo maana nikamwamini.

Nikaenda kwa baba yako. Nikamweleza kwa utaratibu, unanijua. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Perez, mkubwa akisema kwa kinywa chake mdogo apite, nitampitisha. Lakini siwezi kumsemea mtu aliye hai."

Basi nakuomba umpigie baba yako simu, umwambie Obonyo apite. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa kuliko kote. Wazee husema aliyerukwa, mlango wake wa nyumbani hufungwa. Mimi nimefundisha jiografia maisha yangu yote. Naweza kukueleza kwa nini gugumaji hufunika ufuo wa ziwa asubuhi na jioni likawa limesukumwa na upepo hadi ng'ambo. Siamini kwamba neno linaweza kufunga mlango. Hata hivyo nilipotoka kwa baba yako nilipita kwenye simba yako, pale kulia kwa lango, nikajikuta nasukuma mlango nione kama utafunguka. Ulifunguka. Mama yako anahifadhi mbegu za mtama humo.

Kwa hiyo sijui kama nakuomba umfungulie ndugu yako njia, au nakuomba uachie mahali pako. Labda ni yote mawili. Nilipokuwa na umri wako niliamini kwamba wanaochanganyikiwa ni wale ambao hawakusoma vya kutosha. Moyo wako ukikataa, kataa; sitakulaumu, na nitatafuta namna ya kumweleza Sheryl. Lakini useme. Ukinyamaza, huku kimya chako kitahesabiwa kuwa jibu.

Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama huko kuna mboga za majani. Sheryl na watoto wanakusalimu. Obonyo pia, ingawa hajui niliyokuandikia, na sidhani angeniruhusu.

Baba yako hakunipa salamu. Alinikuta nikianza barua hii, akauliza hapa ikiwa saa moja asubuhi, kwenu huwa saa ngapi. Nikachukua chungwa nikamwonyesha jinsi dunia inavyozunguka, nikamwambia huko huwa saa tano usiku. Akalitazama chungwa kwa muda. "Kwa hiyo kwake bado ni jana," akasema. Tangu siku hiyo simu yake huwa imejaa chaji kabla ya jua kuchomoza, na hukaa nayo mlangoni mpaka saa nne.

Mungu akulinde katika nchi ya watu na akupe maneno unayoyahitaji.

Shangazi yako akupendaye hata asipoelewa,

Perez