Ubeti Usiomo Kwenye Kanda

Rukia,

Una nini wewe? Tangu tukuzike hujanijia ndotoni hata mara moja, na Bi Mize, ambaye mlikuwa hata hamsemezani, ajigamba kuwa kwake hukomi. Wafuata nini kwa Bi Mize?

Skuli sikuingia, wajua, lakini mama alinifunza herufi za Kiarabu jikoni, na hizo ndizo ninazoandikia. Soma, usinicheke.

Juzi nilikwenda Mwembe Tayari kutafuta nazi, nikasikia sauti yako. Wallahi niliitika "Labeka!" mbele za watu. Kumbe ni redio ya muuza viatu, na wanaume wamesimama wakitikisa vichwa. Wimbo wako wa kupamba, Rukia! Ule wa bibi arusi akishakaa kitini, milango imefungwa, mabuibui yametundikwa, wanawake peke yetu. Hata kicheko changu kimo mle.

Nikaenda mbio Tudor kwa mwanao Athmani. Wala hakukana. Kanda yako ameitia kwenye kompyuta, na huko mtu wa Maskati, wa Toronto, yeyote yule, auchukua wimbo bure.

"Mama, hakikuibwa kitu," aniambia. "Kanda ii hapa. Mamangu asikika dunia nzima."

"Na mie ningewafungulia wanaume mlango usiku ule wa kupamba, ningekuwa nimeiba nini? Kiti si kingekuwa pale pale?"

Akalia, mjinga yule. Asema akikusikia huwa hujafa. Nikamtukana, nikampikia chai.

Na muuza kanda wa Biashara Street naye alalama kuwa aibiwa, wanunuzi hawaji tena. Yeye! Miaka yote akinakili kanda zako na kuwauzia wanawake, hata kilo ya mchele hakukuletea. Wote wang'ang'ania sauti yako, na hapana aliyeuliza wewe mwenyewe ulitaka nani akusikie.

Lakini wimbo mzima hawanao. Ubeti wa mwisho, ule uliomtungia kila bibi arusi wake, na siri zake na matani yake, ulikuwa ukifika hapo wanikazia macho, nami naizima redio kaseti isirekodi. Kila arusi. Sasa Athmani aniomba niuimbe autie humo. Simpi! Alie mpaka kesho.

Mjukuu wangu Khadija aolewa kabla ya mfungo. Nakuahidi, milango ikifungwa nitamwimbia mie, kwa sauti yangu hii ya kunguru, ubeti ule uliomtungia mamake. Ila, shoga yangu, naona nilikuwa nikiizima mashine vizuri mno. Mstari wa tatu umenitoka. Nautafuta nikikuna nazi, nautafuta nikiswali, Mungu anisamehe. Na hapana pa kwenda kuusikia.

Lala pema, kipenzi changu. Kwa Bi Mize acha kwenda. Njoo kwangu, na ukija salamu ziweke kando, uanze na mstari wa tatu.