Kwa Nini Niliisifu Sana Butembo

Butembo, Alhamisi, katikati ya mwezi wa nane. Ni saa nne na ukungu bado umelala juu ya paa za jirani. Kifua changu kiliamka kabla yangu.

Leo nitaandika jambo nililolificha tangu tulipohama Beni. Sikuhama kwa sababu ya vita, kama nilivyowaambia wote. Nilihama kwa aibu. Na aibu hiyo, miaka ilipopita, ilinifanya niseme uongo siku ambayo mtu hapaswi kusema uongo.

Ninaandika kwa kidole kimoja, kwenye simu ya zamani ya binti yangu Kavira. Yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu niliposhindwa kutembea hadi kanisani, ili wanafunzi wangu wa zamani waendelee kunisoma. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi. Wengi wenu mmeniuliza swali lile lile: mtu wa kwetu aishi wapi, Beni au Butembo? Nilijibu mara nyingi, kwa hoja za mwalimu, nanyi mkaniamini.

Niliandika kwamba Butembo ni mji uliojengwa na wafanyabiashara wake wenyewe, tofali juu ya tofali, bila kumngoja mtu wa Kinshasa. Niliandika kwamba baridi yake inapunguza mbu, kwamba kabichi na viazi vya Masereka vinafika sokoni vikiwa bado na udongo, kwamba jioni unasikia kwaya ikifanya mazoezi badala ya kusikia bunduki.

Kuhusu Beni niliandika machache. Joto, vumbi, askari wanaoamrisha watu kwa Kilingala, na mashamba ambako watu huenda asubuhi wasirudi.

Yote hayo ni kweli. Ndiyo maana uongo wangu umeishi muda mrefu hivi.

Yale ambayo sikuwaandikia ni haya. Nyumba ya Kavira imeshikilia mteremko kama mbuzi. Kutoka mlangoni hadi barabarani kuna ngazi zilizochongwa kwenye udongo mwekundu, na mvua ikinyesha hata mtu mzima hupanda kwa mikono. Sijazipanda tangu Pasaka. Dirisha langu linatazama mabati ya jirani, karibu kiasi kwamba ningeweza kuyagusa kwa fimbo. Hicho ndicho ninachokiona cha mji niliousifu.

Beni ni tambarare. Mzee mwenye fimbo anatoka kwake, anasalimia watu, ananunua karanga, anarudi bila kumwita mtu amshike. Kiwanja chetu katika mtaa wa Mulekera kilikuwa kipana, migomba nyuma, parachichi upande, na msimu wa kakao tulianika mbegu kwenye turubai mbele ya mlango. Harufu yake ni kali, kama pombe inayoanza kuchacha. Wageni huichukia. Mimi huiota.

Sasa vita vingine vimekuja upande wa Lubero, na barabara ya kusini haiendeki. Wakimbizi wamelala katika madarasa ya shule za hapa. Mji wenyewe umekuwa chumba chenye mlango mmoja, na mlango huo unatokea Beni, mahali ambapo siwezi kukanyaga.

Asubuhi Kavira aliniletea uji akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mume wake, Kasereka, ananunua kakao Beni na amepanga nyumba huko, mtaa wa Bungulu. Huu ni mwaka wa pili wanaishi mbali mbali. Mtoto wao mdogo humwita baba yake "Papa wa telefone". Kasereka anataka wote wahamie kwake kabla shule hazijafunguliwa, na mimi nibebwe pamoja nao.

"Papa, unijibu," Kavira akasema. "Kasereka anataka jibu mbele ya dimanche, hii Jumapili."

"Na wewe, unataka nini?"

"Mimi siendi. Mama iko hapa. Nani atalima kwa kaburi yake? Wewe hata ngazi zinakushinda."

Nikanywa uji. Akanipangusa kidevu, kisha akacheka kidogo.

"Na tena, si wewe njo ulisema Beni hapana muji ya kuishi? Mwalimu akisema, sisi tunaandika mu cahier ya masomo."

Akaenda zake sokoni kwenye cherehani yake. Mimi nimebaki na simu hii.

Nianze na aibu, maana yenyewe ni ndogo, inachekesha hata.

Mimi na mke wangu Masika tulikuwa shambani, nje kidogo ya Mulekera, tukivuna kakao. Ilikuwa asubuhi safi. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini miguu ilikuwa bado yangu. Milio ya risasi ikasikika, karibu sana. Nilitupa panga. Nikakimbia.

Sikumwita.

Ninaandika tena ili nisijifiche: mke wangu alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, ameupa mti mgongo, na mimi sikumwita. Nilipoteza viatu vyote viwili. Nilipita katikati ya wanawake waliopanga madumu kwenye bomba la maji, mzee mwalimu, suruali imepasuka, nikaingia nyumbani na kufunga mlango kwa ndani.

Jirani yetu Mama Zawadi alikuja dirishani. "Mwalimu, umefika salama? Na Mama Masika, umemuacha na nani?"

Nilikuwa nimekaa sakafuni.

Masika alirudi jioni, akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Alikuwa na kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na ndani yake kulikuwa na kakao yake na yangu, na panga langu juu. Baadaye tulijua kwamba ni askari mmoja mlevi aliyekuwa akipiga hewani. Masika alichemsha maji, akanikanda miguu iliyochanwa na visiki.

Angenitukana ningepona.

Kuanzia siku ile wanawake wa bombani walinipa jina. Nikitokea tu, mmoja angesema kwa sauti ya heshima, "Bamama, mupishe njia, Mwalimu Mbio anapita," na wengine wangeinama juu ya madumu yao, mabega yakitikisika. Hawakuwa wabaya. Watu wa Beni hucheka ili waweze kulala. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya wana wao miaka mingi nikiwafundisha kusimama wima.

Baada ya wiki mbili nilitangaza kwamba tunahamia Butembo kwa usalama wa familia. Na miezi michache baadaye watu waliuawa kweli, katika mashamba ya upande ule ule. Tukawalilia. Ndipo majirani wakaanza kusema kwamba Mwalimu aliona mbele, kwamba alikuwa na hekima.

Sikuwasahihisha. Nilikula hekima hiyo kama chakula cha msibani, bila kuuliza nani amekipika.

Tangu hapo nikaanza kuisifu Butembo. Niliisifu kanisani, kwenye misiba, na hapa kwenye ukurasa huu. Kila sifa ya Butembo ilikuwa jiwe moja zaidi juu ya ule mlango niliojifungia Mulekera.

Masika hakuizoea. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na bado vidole vyake vilikuwa vya baridi. Alisema mji huu hauna mahali pa kutupa macho, kila ukitazama unakuta ukuta wa mtu. Hakunilaumu. Alipougua moyo, na sote tukajua, aliomba kitu kimoja tu: alazwe katika kiwanja chetu cha Mulekera, kando ya Mumbere, mtoto wetu wa kwanza, aliyefariki kabla hajajifunza kutembea.

Nilimwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi, Kavira amesimama mlangoni na beseni la maji.

Wasomaji wangu wa mbali labda hawajui desturi ya kwetu. Siku ya maziko, kabla udongo haujarudishwa, mume husimama mbele ya majirani na kueleza jinsi alivyoishi na mke wake. Haelezi ugonjwa tu. Anaeleza maisha. Na jirani mwenye neno analisema palepale, kaburi likiwa wazi, ili marehemu asiondoke na jambo lisilosemwa. Nimeshuhudia wanaume wakipatanishwa hivyo. Nimeshuhudia pia wakivuliwa nguo mbele ya watoto wao.

Masika alifariki usiku wa kiangazi. Kabla ya saa tano asubuhi, Ramazani alikuwa amesimamisha gari lake barabarani, juu ya ngazi. Ni msafirishaji, Mwislamu wa Beni, na alikuwa mwanafunzi wangu. Wanangu wa kiume walikuwa wamempigia simu alfajiri ili aje kumchukua mama yao. Wakati ule niliweza bado kupanda, nikapanda peke yangu kuongea naye. Nilirudi nikasimama mlangoni mwa chumba walimokaa wote na mwili.

"Ramazani anasema njia ya Beni imefungwa," nikawaambia. "Kuna mapigano. Hawapitishi gari."

Kavira alifunika uso kwa kitenge. Baadaye akasema, "Basi tumuzike hapa, Papa. Mama ataelewa."

Tukamzika hapa, katika makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua. Nilisimama nikaeleza maisha yetu. Nilieleza vizuri, watu walilia. Hapakuwa na mtu wa Mulekera wa kuongeza neno.

Tangu siku hiyo Kavira hupanda pale kila mwezi na jembe. Amepanda maua mekundu. Anarudi magoti yamejaa udongo, ananiambia, "Mama anakusalimia," nami naitikia. Mwanzoni niliona kwamba uongo umeisha, umezikwa pamoja na marehemu. Leo asubuhi nimeelewa kwamba bado unakula. Unamla Kasereka kule Bungulu, peke yake na sufuria yake. Unamla mtoto anayedhani baba ni sauti. Unamla binti yangu, anayetaka kubaki katika mji wenye mlango mmoja kwa ajili ya kaburi ambalo mimi nililiweka mahali pasipo pake.

Siandiki haya ili Kavira aende. Sijui kama Beni ni salama, na anayesema anajua, msimwamini, hasa akiwa mwalimu. Kule kuna mapanga, huku kuna mizinga inayosogea. Aamue yeye na mume wake. Lakini aamue akiwa na kitu cha kweli mkononi. Ukurasa huu huwa anausoma Jumapili baada ya misa, akinisahihishia herufi. Safari hii ataukuta umekwisha kutoka.

Ninaogopa. Baada ya kusoma, huenda asiniletee uji. Hapana, ataleta. Atauleta bila kukaa kwenye ukingo wa kitanda, na hicho ndicho ninachokiogopa. Nikibanwa na kifua, hakuna mwingine ninayeweza kumwita, na siwezi kutoka humu kwa miguu yangu. Nimejijengea nyumba ambayo ufunguo wake anao mtu niliyemdanganya.

Mara mbili nimeanza kufuta haya yote. Kidole changu cha uzee kinagusa herufi zisizotakiwa, na labda ni afadhali, maana mkono wa kijana ungefuta haraka.

Kavira mwanangu, Ramazani hana hatia, usimuulize kwa hasira. Nilimwambia kwamba ninyi watoto mmeamua mama yenu abaki Butembo. Akavaa tena kofia yake. "Familia njo inaamua, Mwalimu," akasema, kisha akashuka kuwasaidia kaka zako kubeba jeneza, na kwa heshima ya msiba hakumuuliza mtu yeyote kitu.

Pale barabarani, kabla sijamdanganya, alikuwa amekwisha kunieleza habari zake zote. Alikuwa ametoka Beni asubuhi ile ile bila kusimamishwa mahali popote. Alikuwa ametandika mkeka mpya nyuma ya gari. Mama Zawadi na wanawake wa bombani walikuwa wameweka sufuria motoni kutungoja, na wanaume wa Mulekera walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi kando ya Mumbere.

Njia ilikuwa wazi.