Sawa ya Gwaride Si ya Pensheni

Mama,

Assalaam alaikum. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Yule mbuzi amezaa? Mimi ni mzima, na huku Bwera samaki wa ziwani hawakosi sokoni, kwa hiyo usiniwazie njaa. Jana ulinikatia simu ukisema nifunge mdomo nilinde kazi. Basi barua haikatwi. Isome mpaka mwisho.

Walikuja hapa gerezani wakubwa kutoka Kampala kutuuliza sisi askari maoni kuhusu pensheni. Wanataka tuanze kukatwa mshahara kila mwezi kuchangia mfuko, na uzeeni tulipwe kutoka kwenye mfuko huo, si na serikali kama tulivyoahidiwa tulipoajiriwa. Na kutuuliza kwenyewe, Mama, walitupanga gwaride juani! Mgeni akasoma mbiombio kwa Kiingereza, kisha akapaza sauti: "Sawa?"

Nasi kwa mazoea, mguu chini: "Sawa, afande!"

Wewe uliolewa na askari magereza, unajua. Gwarideni hata ukiambiwa nyumba yako inaungua utajibu sawa. Lakini yule mgeni akatabasamu, akamwambia mkuu wetu kwamba askari wamekubali. Damu ikanichemka. Nikapiga hatua moja mbele.

"Afande, hiyo sawa ni ya gwaride. Ya pensheni hatujajibu."

"Wewe! Rudi kwa laini!" mkuu wetu akafoka.

Sikurudi. Nyuma yangu nikamsikia Sajini Masika, mama wa hapa mpakani aliyekaribia kustaafu: "Sisi iko batu, afande. Mutu banamuuliza akiikala chini." Yaani sisi ni watu, na mtu huulizwa akiwa amekaa. Akakaa kwenye nyasi na sketi yake iliyopigwa pasi. Mmoja mmoja wakakaa wote, hata mpiga ngoma.

Wageni wakaondoka bila jibu. Sasa nimeambiwa Jumatatu niombe radhi mbele ya gwaride, la sivyo nivue gwanda. Siombi. Baba alijibu sawa maisha yake yote, akafa bado anafuatilia pensheni yake, nawe ukauza cherehani tupate kumzika. Siku ile wewe ulilia kwa uchungu, mimi kwa hasira, na hasira hiyo haijaisha. Ninaogopa, sikufichi. Lakini siombi.

Nisalimie dada Zainabu na wanawe, na shangazi anayekupikia. Na Mjomba Juma, najua umeshamtuma: mwambie asimpigie mkuu wangu simu kuniombea msamaha. Kuniombea dua, ruhusa.

Mwanao mkaidi,
Ramadhani