Kunguni wa Fredi

Melini, kati ya Maputo na Zanzibar
Jumanne, 19 Novemba 2024

Dada yangu mpendwa Theresia,

Pokea salamu zangu, mimi mdogo wako wa tumbo moja. U hali gani huko Mtwara, pale kwetu Shangani? Na baba je, goti lake limetulia, au bado analikanda kwa maji ya chumvi huku akiwasimulia majirani jinsi alivyoendesha kreni bandarini miaka thelathini bila kuangusha hata gunia moja la korosho? Mimi ni mzima kabisa. Nakula vizuri, nimeota kitambi kidogo, na bahari ilishaacha kunitapisha zamani. Ukiniona leo utadhani nimetoka likizo.

Usishangae kuona karatasi. Meseji zako zote saba nilizisoma, nawe uliona kwamba nimezisoma, ukanuna. Ulikuwa na haki ya kununa. Lakini meseji siku hizi mtu anaipiga picha na mji mzima unaijua kabla chai haijapoa, na haya ninayokuandikia nataka uyasome wewe peke yako.

Uliniuliza jambo moja tu. Ulitaka nikuapie kwa kaburi la mama kama kweli Fredi ndiye aliyeleta kunguni melini, kwa sababu Jumamosi hii unaolewa na Elia na hutaki kusimama mbele ya padri na swali hilo moyoni. Nitakujibu. Ila niache nianzie mwanzo, maana jambo hili nimelibeba tangu Machi na sina nguvu ya kulisimulia mara mbili.

Unajua mwenyewe kwamba kazi hii nilimtafutia mimi. Alikuwa mchumba wako mwaka wa pili, anabeba magunia bandarini, nawe ukanisumbua kwa simu asubuhi na jioni hadi nikampeleka kwa wakala wangu Dar. Alipoingia melini mwezi wa pili tukapangiwa chumba kimoja, kitanda cha juu chake, cha chini changu, chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kazi yetu ni kusafisha vyumba vya watalii na kutandika vitanda vyao. Wazee wa watu wanapanda meli kuizunguka bahari, wanakula mara sita kwa siku, wanatupa taulo sakafuni ili mtu mzima mwenye akili zake aiokote, na mtu huyo anatakiwa atabasamu. Mimi nilikuwa natabasamu mwaka wa tatu. Fredi alitabasamu mwezi mmoja tu, wakaanza kumsifu.

Nilimwonea wivu, dada, sina sababu ya kuficha. Msimamizi wetu, mama mmoja Mfilipino aitwaye Marisel, alikuwa anatafuta msaidizi, na nafasi ile mimi nilishaihesabu kuwa yangu. Ghafla akawa anawaleta wafanyakazi wapya chumbani waone Fredi anavyokunja kona za shuka. Mtu niliyemfundisha kukunja shuka mimi mwenyewe!

Sasa haya ndiyo ambayo kila mtu melini aliyaona. Katikati ya Machi, bibi mmoja wa chumba 6114 aliniita akanionyesha mikono yake. Vipele vyekundu vimepangana mstari, vitatu vitatu, hadi shingoni. Nilivijua mara moja vilikuwa nini. Nikamwambia ni mbu wa Zanzibar, wanapenda damu tamu, nikamletea krimu ya kupaka. Alishukuru sana, maskini. Kila asubuhi aliniita kunionyesha vipya, na kila asubuhi nikamlaani mbu. Mumewe hakuwa mjinga kama yeye. Siku ya nne alifunua godoro, akachungulia kwenye mishono, akamnasa kunguni mmoja mnene ndani ya glasi, akaibeba glasi hiyo hadi mapokezi wakati watu wako kwenye foleni ya chakula cha mchana.

Hujawahi kuona meli ikiogopa. Mtalii anaweza kuvumilia dhoruba na kuhara, lakini kunguni mmoja tu akipigwa picha, safari za mwaka mzima zinafutwa. Walikuja watu wawili wenye nguo nyeupe na mashine ya mvuke, wakalitoa godoro la 6114 limefunikwa kama maiti. Kisha wakashuka chini kukagua vyumba vyetu. Chumba 6114 tulikuwa tunakisafisha mimi na Fredi kwa kupokezana, kwa hiyo wote walijua kwamba mchafu ni mmoja kati yetu wawili.

Kitanda changu kilikuwa safi. Kwenye kitanda cha Fredi walikuta mto, na mishono ya mto ule ilikuwa imejaa kunguni, wakubwa na wadogo na mayai yao. Tena mikono ya Fredi ilikuwa inanuka dizeli. Mtu kuwa na kunguni ni aibu, lakini mtu kuleta dizeli chumbani melini, ambako moto ukizuka hakuna pa kukimbilia, hilo ni kosa lisilo na msamaha. Walimvua nguo pale pale koridoni, akabaki na kaptura ya ndani, nguo zake na simu yake vikatiwa kwenye mifuko myeusi. Watu walijaa. Wengine walicheka, wengine walijikuna hata wasipowashwa. Mpishi mmoja akaanza kumwita Kunguni, na jina likashika siku ile ile. Wakamfungia kwenye kijichumba karibu na zahanati, mpaka tulipofika Zanzibar wakamshusha na tiketi ya boti.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Video ya Fredi akiwa na kaptura ilifika Mtwara kabla yake. Baba akasema binti yake hatalala kwenye kitanda cha mtu mchafu, na uchumba ukaisha hapo. Na siku Fredi alipokuja nyumbani kuongea nawe, uliniandikia mwenyewe kwamba alikaa sebuleni bila kujitetea hata kwa neno moja, na alipoinuka baba akakwambia uchemshe maji, ukayamwaga juu ya kiti alichokalia, naye bado amesimama mlangoni anatazama. Uliniandikia ukiwa na hasira. Ulisema ukimya wake ndio uliokuonyesha kwamba ana hatia. Nilisoma meseji ile mara mbili, halafu nikaenda kula.

Sasa haya ndiyo ambayo hawakuyaona.

Ule mto ni wangu. Ni mto ulionishonea wewe, Theresia. Nililalamika kwamba mito ya melini inaniumiza shingo, nawe ukashona mto wa sufi, ukautarizi kwa uzi mwekundu maneno Lala Salama, ukampa Fredi aniletee. Uliniambia sufi yenyewe umeichota kwenye godoro la marehemu mama, lile ambalo baba analilalia hadi leo, ili nikilala niwe karibu naye. Nililia nilipoupokea. Wiki mbili baadaye nikaanza kuwashwa.

Kunguni walitoka Shangani, dada. Walitoka chumbani kwa baba. Baba akijikuna mgongo huku analaumu joto la Mtwara, si joto.

Aliyewagundua ni Fredi. Nilipomwonyesha vipele alikagua kitanda changu, akapasua kipande cha mshono wa mto, akaona. Hakunicheka. Alisema tusimwambie mtu yeyote, na zaidi ya wote tusikwambie wewe, kwa sababu ulitaka kunipa kumbukumbu ya mama na aibu ile ingekuvunja. Tungeutupa mto baharini, lakini mimi nilikataa, nikasema ni wa mama, utibiwe. Basi akafanya wanavyofanya watu wote nyumbani wanapoona kunguni, wanapaka mafuta ya taa kwenye maungio ya kitanda na kufunga mdomo ili wageni wasijue. Mafuta ya taa hayakuwepo, akaomba chupa ndogo ya dizeli kwa fundi wa injini, akakipaka kitanda changu, tundu kwa tundu, kwa mikono yake, asubuhi ile ile ya ukaguzi. Ndiyo maana changu kilikuwa safi. Alipokwenda kunawa nikasikia wakaguzi wanagonga vyumba vya mwanzo wa koridoni. Nikauchukua mto, nikauweka juu, kitandani kwake.

Ilinichukua muda mfupi kuliko kuvaa kiatu.

Marisel alipouliza mto ni wa nani, nilimjibu kwamba Fredi ana mchumba nyumbani na ndiye aliyemshonea. Fredi alinitazama. Neno moja tu lingetosha, na harufu ya dizeli kwenye kitanda changu ingemwunga mkono kama mtu angeinama kunusa. Akasema ndiyo, mto ni wake.

Jioni waliniruhusu nimpelekee chakula kule alikofungiwa. Alinieleza bila hasira, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisema kama wangetufukuza wote wawili baba angekosa dawa za goti, na kwamba yeye ni mkwe mtarajiwa na hawezi kusimama mbele ya watu wa mataifa yote akasema nyumba ya mchumba wake ina kunguni. Aliniomba kitu kimoja. Kwa kuwa simu yake wameichukua, nikipata mtandao tu nikupigie wewe, nikwambie ukweli, wewe peke yako, ili akifika nyumbani awe na mtu mmoja anayejua. Yeye mwenyewe asingesema, kwa sababu jambo hilo ni la nyumba yetu na ni langu kulitoa. Nikamwapia. Nilimwapia kwa kaburi lile lile unaloniapisha nalo wewe.

Kesho yake mchana tulipita mbali na mdomo wa Ruvuma. Ukisimama nyuma ya meli pale, upande wa wafanyakazi, simu inanasa mtandao wa nyumbani kwa dakika chache kisha unapotea. Nilipanda na simu mkononi. Nikampigia baba. Nikamwambia Fredi amekutwa na kunguni, kwamba tangu alipofika alikuwa mtu wa kuoga kwa kusukumwa, na kwamba naona aibu kumwingiza kwenye familia yetu. Baba akanishukuru kwa kuwa muwazi. Mtandao ulikuwa bado upo, basi nikatuma na video kwa Gladness wa kwaya, kwa sababu najua Gladness hawezi kukaa na kitu. Video ile niliipiga mimi. Ukiitazama vizuri utaona Fredi anatazama kamera moja kwa moja. Ananitazama mimi.

Usinitafutie sababu nzuri, nilishajaribu sikuipata. Ule wivu ulikuwepo. Lakini zaidi ya wivu, niliona Krismasi zote zijazo, Fredi ameketi mezani kwetu, ananipitishia sahani ya wali, anajua, na hasemi. Ningeweza kuishi na adui. Mtu aliyenibebea aibu yangu na bado akaniita shemeji, huyo sikuweza kuishi naye.

Mwezi wa sita Marisel alinipa ile nafasi. Nina chumba changu peke yangu sasa. Wafanyakazi wapya nawafundisha kila wiki jinsi ya kukagua kunguni, wafunue kona za godoro, wachungulie nyuma ya ubao wa kitanda, wasiruhusu sanduku liwekwe juu ya shuka. Nawaambia asiyeripoti anafukuzwa, na nikisema hivyo sauti yangu haitetemeki.

Jibu la swali lako basi ni hapana. Fredi hakuleta kunguni melini. Tulileta sisi, mimi na wewe.

Utauliza kwa nini nimekwambia. Nimechoka kuwa peke yangu na jambo hili, ndiyo sababu. Sasa tuko wawili. Na kama nilivyosema, ulitaka jibu kabla ya kanisa, nami ningeweza kukupa. Jesca, yule binti wa Nanyamba anayefanya kazi jikoni kwetu, mkataba wake umekwisha; anashuka Zanzibar kesho kutwa na Ijumaa atakuwa Mtwara. Umemwalika mwenyewe. Atakuwa kanisani, atapiga vigelegele, atakula pilau yako, na muda wote huo bahasha hii itakuwa mkobani mwake. Nimemwapisha asikupe mpaka Jumatatu, mkishahamia Nanyamba na Elia akishaingia kwenye ofisi yake mpya ya halmashauri. Ungeisoma Ijumaa ungemkimbilia Fredi, baba angejua yote, na kampuni ingejua baada ya baba. Sikuwa tayari kwa hilo.

Elia ni mtu mwema, kila mtu anasema. Mtunze. Baba usimwambie kitu, mbadilishie godoro tu, na lile la mama lichomwe mbali na nyumba. Msalimie sana, pamoja na majirani wote wa Shangani wanaoniulizia. Msalimie shemeji Elia, mwambie namtakia nyumba yenye amani.

Fredi sina haja ya kukutuma umsalimie. Jesca anasema siku hizi anabeba magunia kwenye ghala la korosho hapo Nanyamba, nyuma ya nyumba mliyopangiwa, na anapita mbele ya mlango wenu kila asubuhi. Utamsalimia mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,

Innocent