Shimo la Maganda Nyuma ya Jiko

Buyenzi, Bujumbura
9 Novemba 1997

Mpendwa dada yangu Houda,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Kigoma mnaendeleaje? Sisi huku tuzima, alhamdulillah, ila mimi situlii hata kidogo, kwa hiyo nisamehe nisipokusalimu ipasavyo. Khaled amefika kwako? Mume wangu hayupo nyumbani tangu juma lililopita. Nadhani alikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na toka huko atakuwa ametafuta mtumbwi wa kuja kwenu.

Chanzo chake ni bustani. Uliniuliza nalimaje mboga bila mbolea ya dukani, maana tangu ambargo hii ianze, nchi jirani zikatufungia bidhaa, hata uzunguke soko lote huipati. Basi nilichimba shimo nyuma ya jiko. Natia maganda ya ndizi na viazi, majani makavu, mavi ya mbuzi wa jirani, jivu kidogo, na udongo juu. Maji si mengi, unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa unatosha. Kisha nafunika kwa majani ya migomba. Ukichomeka kijiti katikati, ukakitoa kina joto, ujue mbolea inaiva.

Niliacha kuandika kidogo, nilisikia geti. Apana, ni upepo.

Sasa lile shimo asubuhi hutoa mvuke. Na mtaani, katika kartie yetu, siku hizi udongo uliochimbwa upya unaulizwa, watu wanaogopa bunduki zilizofukiwa. Mama Atumani wa parsele ya pili, kiwanja cha jirani, akauona ule mvuke, akaenda kusema kwenye robine, pale tunapochota maji, kwamba nyumbani kwangu kuna kitu kimefunikwa. Na mwanamke yule anakula lengalenga zangu, mchicha wa bustani hii hii, kila juma! Nimemkasirikia mpaka leo, salamu zake sizijibu.

Wasoda wakaja na bunduki zao asubuhi, Khaled anakunywa chai. Kusikia tu wanauliza shimo liko wapi, akaruka ukuta, kandambili mkononi. Unajua kaka yake, Mohamadi, walivyomchukua mwaka jana, eti kwa maswali tu, na mpaka leo hajaonekana. Simlaumu. Wakachimbua shimo lote, wakakuta maganda na minyoo. Mmoja akacheka hata akashika tumbo. Mkubwa wao hakucheka. Akaniuliza, "Sasa mama, bwana yako amekimbia nini?"

Nikainama kuokota maganda, dada. Waliondoka, na hawajarudi tena.

Shimo nimelijaza upya. Naligeuza mchana, geti wazi, anayetaka kuona aone. Wadudu wa majani nawanyunyizia pilipili iliyopondwa na maji ya sabuni, na jivu nazungushia mashina. Udongo nautandazia nyasi kavu usichomwe na jua. Nyanya zimezaa vizuri kuliko mwaka wowote. Nazichuma, nazigawa, mwenyewe sizionji. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda kuchungulia barabarani. Leo maharage yameungua tena na watoto wamekula hivyo hivyo.

Barua hii naipa Murhula, yule mfanyabiashara anayepita Uvira. Yuko mlangoni ananihimiza, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi.

Nisalimie shemeji Abdu na mama mkwe wako. Watoto wanawaamkia wote. Mungu awafunike kwa rehema zake, atujalie kuonana tukiwa hai.

Kama Khaled yuko hapo, mwambie walikuta maganda tu. Kurudi aamue mwenyewe, mimi siwezi kumwita wala kumkataza. Na kama hajafika, dada, neno hilo usiliandike. Nitumie salamu peke yake, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Kudra